Siku Kumi Kutoka Sarajevo Hadi Mons

Siku ya 1: Sarajevo

Swali lililonileta huku, juu ya chanzo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, aliliuliza mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, mwaka jana, kipindi cha mwisho cha siku. "Mwalimu, kama Austria iligombana na Serbia, kwa nini waliochomewa miji ni Wabelgiji?" Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu: mataifa makubwa yalikuwa yamejifunga kwa mapatano, mmoja akivutwa, wote wanavutwa. Akashukuru, akakaa. Lakini nilimwona hakuandika kitu, na usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua nimempa maneno tu.

Kwa hiyo nimekuja kuifuata njia yenyewe kwa basi, treni na miguu. Naanzia risasi ilipolia, nipite makataa yalipoandikwa na ahadi ilipotolewa, nifike kule nyumba zilikoungua. Nimeingia leo jioni nikiwa hoi. Mto Miljacka ni mdogo kuliko nilivyouwazia, maji ya kahawia yakipita juu ya mawe, na taa za madaraja yake zimeshawaka.

Siku ya 2: Sarajevo

Nimeshinda kwenye kona ya Daraja la Kilatini. Jumapili ya 28 Juni 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alikuwa amekoswa na kifo mara moja kabla ya kufika hapa. Nedeljko Čabrinović alirusha bomu, likadunda kwenye gari lake na kulipukia chini ya gari lililofuata. Mgeni akaendelea hadi ukumbi wa jiji, akasomewa hotuba ya kumkaribisha, kisha akataka kwenda hospitali kuwaona majeruhi. Njia ikabadilishwa, dereva hakuambiwa. Akakata kona hii, akapigiwa kelele kwamba amekosea, akasimamisha gari ili arudi nyuma. Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alikuwa amesimama papa hapa. Risasi mbili zikamuua Franz Ferdinand na mkewe Sophie.

Nimezipima kwa macho hatua kutoka ukuta wa duka la zamani, ambalo sasa ni makumbusho, hadi katikati ya barabara. Ni umbali wa kumsalimu mtu bila kupaza sauti.

Kilichonishika zaidi ni kibao cha ukutani. Mwaka 1917 Waaustria walijenga hapa mnara wa kuwakumbuka waliouawa, na dola yao ilipovunjika mnara ukabomolewa. Mwaka 1930 kikawekwa kibao cha kumsifu Princip kama mtu aliyetangaza uhuru. Mwaka 1941 majeshi ya Ujerumani yalipoingia yalikibandua, kikapelekwa kwa Hitler kama zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Chini ya Yugoslavia daraja likaitwa kwa jina la Princip, na baada ya vita vya miaka ya 1990 likarudishiwa jina lake la kale. Kibao cha leo kinataja tarehe, muuaji na waliouawa, basi. Kinamtaja Princip bila kumwita shujaa wala gaidi.

Usiku, kwenye daftari, nimeandika hesabu ambayo sijawahi kuwafanyia wanafunzi wangu. Kutoka 28 Juni hadi 4 Agosti, siku Uingereza ilipoingia vitani, ni siku 37. Risasi za hapa ziliua watu wawili. Lililoua mamilioni lilifanyika ndani ya siku hizo, na karibu lote lilifanyika ofisini.

Siku ya 3: Barabarani

Basi la kutwa kwenda Belgrade. Tumevuka Mto Drina, mpaka wa Bosnia na Serbia tangu wakati ule. Princip na wenzake waliuvuka kutokea upande wa pili, na silaha zao zilitoka Belgrade, kwa watu wa Dragutin Dimitrijević, mkuu wa ujasusi wa jeshi la Serbia. Hilo halina ubishi. Ubishi upo juu ya serikali yenyewe, ilijua kiasi gani. Nimelala njiani.

Siku ya 4: Belgrade

Ngome ya Kalemegdan imekaa juu ya kilima, pale Mto Sava unapoingia Danube. Nimekaa ukutani kwa muda mrefu nikitazama ng'ambo. Kule ni Zemun, ambayo leo ni sehemu ya jiji hili. Mwaka 1914 ilikuwa ardhi ya Austria-Hungaria, na mpaka wa dola ulikuwa maji haya. Ule mnara wa Gardoš unaoonekana juu ya mapaa ya Zemun ni wa Wahungaria, wa mwaka 1896. Ubaoni huwa nachora mshale mrefu kutoka Vienna hadi Belgrade. Kumbe walikuwa majirani wa kutazamana.

Alhamisi ya 23 Julai, saa 12 jioni, balozi wa Austria, Baron Giesl, alikabidhi makataa yenye madai 10. Serbia ilipewa saa 48. Hata saa ya kukabidhi ilipangwa: Rais Poincaré wa Ufaransa alikuwa ziarani St Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati ule, na Vienna ilingoja aondoke ili Warusi na Wafaransa wasipate nafasi ya kushauriana ana kwa ana. Tarehe 25, dakika chache kabla ya muda kwisha, Waziri Mkuu Nikola Pašić alipeleka jibu yeye mwenyewe, karatasi zenye maneno yaliyokatwakatwa kwa wino kwa sababu ya haraka. Serbia ilikubali karibu kila kitu. Ililokataa katakata ni maofisa wa Austria kushiriki upelelezi ndani ya nchi yake. Giesl alizipitisha macho tu. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, na treni ya saa 12:30 ikamvusha mto.

Usiku wa kuamkia 29 Julai boti za kivita za Austria zikafyatua mizinga kuelekea mjini kutokea mtoni humu. Moja yao, Bodrog, bado iko hai. Siku hizi inaitwa Sava, imekarabatiwa na kufanywa makumbusho hapa Belgrade. Ni chombo bapa cha chuma, kimekaa chinichini majini. Nimesimama mbele yake nikifikiria kwamba milio ya kwanza ya Vita Kuu ilitoka kwenye kitu kama hiki, kinachozidi kidogo nusu ya urefu wa uwanja wa mpira, na wala hakikuwa na haja ya kwenda mbali.

Bustanini, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna sanamu ya Princip iliyosimamishwa mwaka 2015. Huku ni shujaa, na kibao kile cha Sarajevo kingeonekana ubahili.

Siku ya 5: Njiani kwenda Vienna

Safari ndefu, nimesoma sana. Naandika juu ya Urusi hapahapa kwa sababu kule sitafika.

Sisi walimu tunasema Urusi ilikuwa imeungana na Serbia. Nimeutafuta mkataba huo kwa miaka. Hakuna mkataba ulioilazimisha Urusi kuipigania Serbia. Kulikuwa na dini moja, undugu wa Kislavi, na zaidi ya hayo kovu. Mwaka 1908 Austria ilitangaza kuitwaa Bosnia moja kwa moja. Urusi ilikuwa imedhoofishwa na vita vyake na Japani, Ujerumani ikasimama nyuma ya Austria, na Urusi ikalazimika kumeza aibu hiyo hadharani. Mwaka 1914 wakubwa wa St Petersburg waliamini kwamba wakirudi nyuma tena, hakuna taifa dogo la Balkani litakalowategemea, na Ufaransa nayo itajiuliza kama inafaa kuwa na rafiki wa namna hiyo.

Tarehe 29 Julai Tsar Nicholas alitoa amri ya kuita jeshi lote. Usiku uleule akapata simu ya maandishi kutoka kwa binamu yake, Kaizari Wilhelm wa Ujerumani, akaifuta amri. Kesho yake mchana waziri wake wa mambo ya nje, Sazonov, alimkalia kwa hoja hadi akakubali tena. Mkuu wa majeshi, Yanushkevich, alikuwa amesema kwamba amri ikishatoka ataivunja simu yake, asipatikane mtu wa kumwambia abadilishe. Sentensi hii nitaibeba darasani. Jenerali aliyeogopa zaidi kupigiwa simu ya amani kuliko vita yenyewe!

Siku ya 6: Vienna

Jumba la makumbusho ya historia ya kijeshi. Gari lile lipo, la kampuni ya Gräf & Stift, na tundu la risasi ubavuni linaonekana wazi. Kando kuna koti la sare la Franz Ferdinand, la buluu hafifu, limechanwa na waliotaka kumwokoa. Damu imekuwa kahawia. Mtoto mmoja aliyekuwa mbele yangu aliuliza jambo kwa Kijerumani, baba yake akamwinamia na kumweleza kwa sauti ya chini, kwa muda mrefu. Nilitamani kujua alianzia wapi.

Hapa Vienna nimeelewa hofu ya upande huu, na sitaki kuipuuza. Dola yao ilikuwa na mataifa zaidi ya 10 chini ya mfalme mmoja mzee wa miaka 83, Franz Joseph. Serbia ilikuwa imetoka kwenye vita vya Balkani vya 1912 na 1913 ikiwa na ardhi karibu maradufu, na Waslavi wa kusini walioishi ndani ya Austria-Hungaria walikuwa wakiitazama. Mkuu wa majeshi, Conrad von Hötzendorf, alikuwa akidai vita dhidi ya Serbia kwa miaka kadhaa. Aliyekuwa akimpinga kwa nguvu ndani ya familia ya kifalme ni huyuhuyu Franz Ferdinand. Nimeliangalia lile koti tena baada ya kukumbuka hilo.

Lakini Vienna haikuthubutu kupigana peke yake. Ilimhitaji mkubwa, na hapo ndipo nilipofungua tena mkataba wa 1879 kati ya Ujerumani na Austria-Hungaria. Unasema Urusi ikimshambulia mmoja wao, mwenzake atamsaidia. Haukusema lolote juu ya kumsaidia Austria akienda kumpiga Serbia. Wino wa 1879 haukuidai Ujerumani chochote mwezi ule wa Julai.

Siku ya 7: Potsdam

Treni kwenda Berlin jana usiku, leo asubuhi Potsdam. Kasri Jipya ni kubwa mno, na bustani yake huimalizi kwa miguu. Jumapili ya 5 Julai 1914 balozi wa Austria, Szögyény, alikaribishwa hapa kwa chakula cha mchana na Wilhelm. Alileta barua ya Franz Joseph. Mwanzoni Kaizari alisita, akasema ni lazima amwulize kansela wake. Baada ya chakula akasema Austria itegemee msaada kamili wa Ujerumani hata Urusi ikiingia. Kansela Bethmann Hollweg akathibitisha siku iliyofuata. Wanahistoria wanaiita hundi tupu: saini ipo, kiasi ajaze mwenyewe anayeipokea. Na siku hiyohiyo ya pili Wilhelm akaondoka kwenda matembezi ya baharini Norway.

Kwa nini atoe ahadi ambayo mkataba haukumdai? Nimezunguka bustanini na swali hili hadi miguu ikauma. Jibu ninaloliona ni upweke. Kansela wa zamani, Bismarck, aliijenga Ujerumani kwa kuhakikisha Ufaransa, iliyonyang'anywa Alsace na Lorraine mwaka 1871, haipati rafiki. Mwaka 1890 aliondolewa, na mkataba wake wa siri na Urusi ukaachwa ufe mwaka huohuo. Kufikia 1894 Urusi na Ufaransa walikuwa wamefungamana. Ujerumani ikajenga manowari kushindana na Uingereza, na Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, kisha na Urusi mwaka 1907. Kila hatua ya kujiongezea nguvu iliipunguzia Ujerumani marafiki, hadi akabaki mmoja wa kutegemewa, Austria-Hungaria, naye mgonjwa. Mtu mwenye rafiki mmoja hawezi kumwambia hapana.

Na kila mji mkuu ulikuwa na hofu ya sura hiyohiyo. Ufaransa iliogopa kumpoteza Mrusi kama Mjerumani alivyoogopa kumpoteza Mwaustria. Kwa hiyo wale waliokuwa na uwezo wa kumshika mwenzao mkono, wamwambie ngoja kwanza, ndio waliokuwa wakimsukuma.

Wilhelm mwenyewe aliporudi na kulisoma jibu la Serbia asubuhi ya 28 Julai, aliandika kwamba sababu yote ya vita imekwisha. Alipendekeza Austria iishike Belgrade tu kama dhamana, isimame hapo, mazungumzo yaanze. Heri nusu shari. Bethmann alilipeleka pendekezo hilo Vienna kwa kuchelewa na kwa maneno yaliyopunguzwa makali, na siku ileile Austria ilikuwa imeshatangaza vita.

Siku ya 8: Berlin

Nimetembea Wilhelmstraße, mtaa uliokuwa na ofisi za kansela na za mambo ya nje. Nilikuja kwa ajili ya Julai 1914, nikasimamishwa na kibao cha mkutano wa 1884 na 1885, ule walioketi hapa kuwekeana masharti ya kuigawana Afrika. Mkataba wa mkutano ule ulikuwa na sura iliyotoa njia ya kuyaacha makoloni ya bonde la Kongo na maeneo jirani, ikiwemo Afrika Mashariki, nje ya vita vya Ulaya. Tarehe 8 Agosti 1914, siku nne tu baada ya Uingereza kutangaza vita, manowari yake Astraea ilipiga mizinga mnara wa simu ya upepo Dar es Salaam. Vita vya kwetu viliisha Novemba 1918, siku kadhaa baada ya vya Ulaya, na jina la Kariakoo tunalolitamka kila siku ni kumbukumbu ya wapagazi wa vita hivyo. Hawakuwa wametia saini popote. Nilisoma kile kibao mara mbili, nikashindwa kuendelea na ratiba yangu ya mchana.

Siku ya 9: Köln na Liège

Kwenye treni nimekaa na mzee mstaafu wa reli. Tumeongea Kiingereza cha kuungaunga, mimi nikimweleza safari yangu. Tulipokaribia Köln akanigusa bega, akanionyesha Daraja la Hohenzollern. La leo limejengwa upya baada ya Vita vya Pili, na uzio wake umejaa maelfu ya kufuli za wapenzi. Kwenye lile la zamani, kati ya 2 na 18 Agosti 1914, zilipita treni za kijeshi 2,150, moja karibu kila dakika 10. Sanamu ya Wilhelm akiwa juu ya farasi bado imesimama kwenye ncha ya daraja.

Nikamwuliza kama treni nyingi hivyo zingeweza kurudishwa. Akafikiri kidogo, akasema ratiba si kitu cha kubadilisha katikati, ila kila mtu wa reli huibadilisha katikati kila siku.

Alikuwa amegusa jambo lenyewe bila kujua. Mpango wa vita wa Ujerumani ulikuwa mmoja: ukipigana na Urusi, unaanza kwa kuipiga Ufaransa, na njia ya kwenda Ufaransa inapita Ubelgiji. Jioni ya 1 Agosti ilikuja taarifa kutoka London iliyompa Wilhelm tumaini kwamba Ufaransa ingebaki nje. Akafurahi, akataka jeshi lote ligeuzwe mashariki. Moltke, mkuu wa majeshi, akamjibu kwamba haiwezekani, kazi ya mwaka mzima ya ratiba haipanguliwi kwa usiku mmoja. Baada ya vita, Jenerali von Staabs wa kitengo cha reli aliandika kuonyesha kwamba ingewezekana. Tumaini lile lilikufa usiku uleule, ratiba ikaendelea.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la mwanafunzi wangu, ndani ya treni, mto Rhine ukiwa chini yetu. Wabelgiji walikuwa njiani.

Mchana Liège, kisha ngome ya Loncin, moja ya 12 zilizouzunguka mji huo. Tarehe 15 Agosti kombora la mzinga wa milimita 420 lilipenya hadi ghala la baruti. Walikufa askari karibu 350, na wengi wao bado wamo humu chini ya vifusi. Zege limepinduka vipande vikubwa kuliko nyumba, nyasi zimeota juu. Nimetembea kwa adabu ya makaburini.

Siku ya 10: Leuven na Mons

Nimeshuka Leuven kwa saa mbili kuiona maktaba. Ile ya 1914 ilichomwa na askari wa Ujerumani usiku wa 25 Agosti pamoja na sehemu kubwa ya mji. Siku mbili kabla, Dinant, raia 674 walikuwa wameuawa. Ubelgiji ilikuwa na hati ya mwaka 1839 ya kuhakikisha kwamba haitaguswa, na Prussia, dola iliyokuja kuiunda Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa walioitia saini. Bethmann aliiita kipande cha karatasi mbele ya balozi wa Uingereza. Na Italia, iliyokuwa imeungana na Ujerumani na Austria tangu 1882, iliusoma mkataba wake, ikasema ni wa kujihami tu, ikakaa pembeni, na mwaka uliofuata ikaingia vitani upande wa pili. Mataifa yaliyosoma yalichosaini yalipata mlango wa kutokea. Nitawapa wanafunzi mikataba hii waisome wenyewe, kwa kuwa mimi kwa miaka mingi niliifundisha bila kuisoma.

Alasiri, makaburi ya Saint-Symphorien nje ya Mons. Wajerumani ndio walioyaanzisha, wakazika wao na Waingereza pamoja chini ya miti mirefu. John Parr aliuawa 21 Agosti 1914, anahesabiwa kuwa askari wa kwanza wa Uingereza kufa katika mapigano ya upande huu wa magharibi. George Ellison, mchimba makaa wa Leeds mwenye miaka 40, aliuawa 11 Novemba 1918, asubuhi ya siku ambayo bunduki zilinyamaza. Makaburi yao yanatazamana, na inaaminika hakuna aliyepanga yawe hivyo.

Nimepiga picha moja nikiwa nimesimama katikati, uso kwa Parr, kisha nimegeuka nikapiga ya Ellison. Sikulazimika kusogea. Hizo ndizo nitakazozibandika ubaoni Jumatatu, bila mshale wowote, na kipindi hicho nitaanza kwa kumwomba yule kijana aliulize swali lake tena.